Karatasi ya Njugu, na Namna ya Kuuzuia Mtaa Usigawanyike

Nimefundisha shule za msingi hapa Likoni, Mombasa, miaka 31, na tangu nistaafu niko kwenye kamati ya nyumba kumi ya mtaa wetu. Wenzangu wanaoanza kazi hii mitaa mingine huniuliza: majirani wakianza kuitana kafiri na gaidi, mtu aanzie wapi? Nitaeleza ninavyofanya mimi, na nilipokosea pia.

Anza na tarehe. Kabla hujaitisha kikao, keti na wazee wa kila upande, kila upande peke yake, uwaulize mtaa ulianza kuharibika lini. Hapa kwetu mtu wa bara atakwambia Agosti 1997, kituo cha polisi kiliposhambuliwa na watu wa bara wakafukuzwa majumbani kwa mapanga. Akimaliza hapo atakuja Machi 2014, watu walipomiminiwa risasi kanisani Jumapili asubuhi. Jirani yake Mwislamu atakwambia Agosti 2012, Sheikh Aboud Rogo, mhubiri wa hapa Mombasa, alipouawa ndani ya gari mkewe akiwa pembeni, au Februari 2014, polisi walipouvamia Masjid Musa kule Majengo. Na kuna mzee wa Kidigo ambaye dini hataitaja kabisa. Yeye atakuonyesha mnazi aliopanda babu yake, kisha akwambie kwamba kwenye makaratasi ya serikali yeye ni skwota, mtu asiye na hati ya ardhi anayokaa.

Kila mmoja ana kalenda yake. Mimi niliziandika tarehe zote kwenye karatasi moja ya manila, kwa mfuatano wa miaka, nikaibandika ukutani siku ya kikao cha kwanza. Watu walikaa kimya wakisoma. Kisha mama mmoja wa kanisani akauliza, "Mwalimu, hii ya Februari ni nini?" Alikuwa ameishi Mombasa miaka 20, na Majengo ni ng'ambo ya feri tu. Usijibu wewe swali kama hilo. Mwache ajibiwe na mwenye tarehe yake.

Kikao chenyewe kifanye barazani kwa mtu, si hotelini. Chai ya rangi na mahamri vinatosha. Posho ya semina imeiharibu sana kazi hii: siku pesa ya nauli ikikosekana, amani nayo inakosa watu.

Sasa hofu kubwa ya wazazi, kijana kupotea, yaani kuingizwa kwenye makundi ya kigaidi kama Al-Shabaab. Hapa lazima uwafunze watu kutofautisha, maana nimeona kijana akitajwa kwa chifu kwa sababu tu amefuga ndevu na kanzu yake haifiki kwenye kifundo. Huo ni ucha Mungu wake, muacheni. Mimi huangalia mambo mengine. Ameacha kuswali na watu aliokua nao, na anasema imamu wao ni murtadi, yaani ameutoka Uislamu? Anamwita babake kafiri? Ana kazi mpya "mbali", lakini hana jina la tajiri wala la mji? Hata hayo si ushahidi. Ni sababu ya kwenda kumjulia hali.

Na ukienda, nenda mapema. Kuna kijana niliyemfundisha darasa la nne, mwepesi wa hesabu. Usiku mmoja nyumba yao ilipekuliwa, akachukuliwa, akarudi siku ya nne akichechemea. Mashtaka hayakuwepo. Sisi majirani tulifanya nini? Tulimkwepa. Mimi mwenyewe nilivuka barabara nilipomwona, nikajifanya natafuta tuktuk. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akimtembelea, mgeni ambaye hakuna aliyejua anakaa wapi. Alikuwa akimwekea kredi ya simu na kumsikiliza. Kijana hayupo mtaani siku hizi, na mamake akiniona huinamisha macho, ingawa ni mimi ninayepaswa kuinamisha yangu.

Baadaye nilisoma utafiti wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, uliotoka 2017. Waliwahoji watu waliokuwa wamejiunga na makundi haya kadhaa barani Afrika, na kati ya wale waliojiunga kwa hiari, asilimia 71 walisema kilichowasukuma mwisho ni kitendo cha serikali, kama vile ndugu au rafiki kuuawa au kukamatwa. Nilikumbuka ile tuktuk.

Kwa hiyo siku hizi kijana akikamatwa mtaani kwetu, wa dini yoyote, tunafanya hivi. Watu wawili wanaongozana na mzazi hadi kituoni usiku huohuo, mmoja wao awe wa dini nyingine. Tunauliza kwa adabu yuko kituo gani na tunaomba namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi. Tunaandika saa. Katiba ya Kenya, kifungu cha 49, inataka mshukiwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, isipokuwa muda huo ukiishia nje ya saa za korti au siku ambayo korti imefungwa, na kulitaja hilo si ubishi. Saa hizo zikipita kimya tunawapigia watetezi wa haki, Mombasa tuna MUHURI na HAKI Africa. Akiachiliwa, tunakwenda kumwona kama tunavyokwenda kumwona mgonjwa, na maziwa mkononi. Ikiwa ana kosa, korti itasema. Sisi kazi yetu ni kuhakikisha yule mgeni mwenye kredi hamkuti peke yake.

Niingie kwenye uvumi, ambao ndio unanikosesha usingizi. Msiudharau. Mbagala, Dar es Salaam, Oktoba 2012, ubishi wa watoto juu ya Msahafu uliishia makanisa kuchomwa.

Kwetu ilikuwa Alhamisi, baada ya magharibi. Mkwe wangu alinitumia sauti iliyokuwa ikizunguka kwenye makundi ya WhatsApp: "Waislamu mumelala! Kuna mwanamke wa bara anafungia njugu kwa karatasi za Kurani." Stendi ikatajwa. Mimi kwa haraka nikaandika kwenye kundi la mtaa, "Huo ni uvumi, acheni kusambaza." Hilo ndilo kosa langu. Sikuwa nimeona kitu, na dakika tano baadaye mtu akaweka picha. Ilikuwa karatasi iliyokunjwa pembe, njugu ndani, na aya waziwazi. Tangu hapo neno langu halikuwa na thamani usiku ule. Wakasema mwalimu amenunuliwa.

Nikampitia ustadhi wa madrasa, tukaenda pale stendi. Nilinunua njugu za shilingi 20 kama mteja yeyote. Yule mama alikuwa hajui lolote, anacheka na watoto. Ustadhi akaomba kuona karatasi nyingine. Zilikuwa kwenye gunia, madaftari ya shule na magazeti aliyonunua kwa kilo kutoka kwa kijana wa mkokoteni. Katikati mlikuwa na kurasa za juzuu zilizochakaa. Ustadhi akageuza ukurasa mmoja, akanyamaza. Pembeni paliandikwa kwa penseli jina la mwanafunzi wake. Wiki iliyotangulia walikuwa wamesafisha kabati la madrasa, na badala ya zile kuukuu kuchomwa au kuzikwa kwa heshima kama inavyopasa, mtoto mmoja alikuwa amezibeba akaziuza na chupa.

Uvumi ulikuwa kweli nusu, na wa namna hii ndio mgumu, kwa sababu huwezi kuukana. Ustadhi alikaa palepale kwenye benchi, akarekodi sauti yake mwenyewe, sekunde chache tu: kurasa zimetoka kwetu, kosa ni langu, mama hana hatia, nimeshazikusanya. Akaituma kwenye makundi yaleyale kabla ya isha.

Toka hapo nina kanuni zangu. Usikane kabla hujaona. Sauti ijibiwe kwa sauti, usiku uleule, na mtu anayeaminiwa na wale waliokasirika, si anayeaminiwa na wale wanaotishwa. Kama pasta ndiye angemtetea yule mama, stendi ingewaka. Na usimlazimishe mtuhumiwa kuomba radhi mbele ya watu ili mambo yaishe. Wazee wawili walitaka hivyo. Nikawaambia akiomba radhi leo kwa kosa lisilo lake, kesho mtamdai jingine.

Vijana nao msiwahubirie sana, wamechoka na hotuba. Mimi huwasimulia mabasi mawili ya Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, yaliyovamiwa na Al-Shabaab. Novemba 2014, abiria 28 walitengwa na wenzao na kuuawa kwa kushindwa kuthibitisha kuwa ni Waislamu. Desemba 2015 basi jingine likasimamishwa, na safari hii abiria Waislamu wakakataa kutenganishwa na wenzao, wanawake wakawapa Wakristo mitandio wajifunike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo na akafariki mwezi uliofuata. Kisha nauliza tu: ungekuwa kiti cha dirishani, ungefanyaje? Mvulana mmoja alinijibu kwamba angeogopa, na wenzake wakamcheka. Nikawaambia huyo ndiye aliyejibu swali.

Mwisho, tayarisha orodha ya simu kabla hujaihitaji. Yangu ina namba 14, nimeibandika nyuma ya mlango wa jikoni. Chifu yumo, OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, yumo, maimamu na mapasta wamo. Lakini mbili za juu kabisa ni za vijana wawili wasio na cheo chochote: anayewasha spika msikitini na anayewasha spika kanisani. Usiku wa njugu kuna mtu alikwenda kuomba kipaza sauti. Yule kijana wa msikitini akamwambia umeme umepotea. Taa za mtaa mzima zilikuwa zinawaka.