Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kupima na Kutibu Saratani ya Mbwa au Paka

Si kila uvimbe unaoota kwenye mwili wa mbwa au paka ni saratani, na mbwa wengi wazee huwa na vinundu vya mafuta chini ya ngozi visivyo na madhara yoyote. Hata hivyo, saratani ya ngozi inayoanzia kwenye seli za masti (seli za kinga zinazohusika na mzio) huweza kufanana kabisa na kinundu cha mafuta, kwa hiyo jibu linalotolewa kwa kutazama na kupapasa tu lisikubaliwe. Kabla ya kwenda kwa daktari wa mifugo, uvimbe upimwe kwa rula, upigwe picha, na tarehe ulipoonekana mara ya kwanza iandikwe. Uliofikia sentimita 1 au uliodumu mwezi mmoja unastahili kuchukuliwa sampuli.

Jambo ambalo wengi hulipuuza, na ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote, ni dawa zinazotolewa kabla ya sampuli kuchukuliwa. Steroidi kama prednisoloni huweza kupunguza uvimbe wa tezi zilizovimba kwa limfoma (saratani ya chembe za kinga) ndani ya siku chache, mwenye mnyama akadhani amepona, kumbe dawa hiyo imevuruga majibu ya maabara na kuzipa seli za saratani nafasi ya kuwa sugu kwa dawa zitakazofuata. Daktari aelezwe kila dawa iliyokwisha kutumika, zikiwemo za mitishamba. Dawa za maumivu za binadamu zisitolewe kamwe bila idhini yake. Parasetamoli humuua paka hata kwa kiasi kidogo.

Sampuli huanza kwa sindano nyembamba, na isipotosha hukatwa kipande kidogo cha uvimbe. Ni vyema aina ya uvimbe ijulikane kabla ya upasuaji mkubwa, kwa sababu ndiyo inayomwongoza daktari akate nyama kiasi gani kuuzunguka, na upasuaji wa kwanza ndio wenye nafasi nzuri zaidi ya kuumaliza. Kilichokatwa kipelekwe maabara chote. Iulizwe pia mnyama afunge kula kwa saa ngapi kabla ya dawa ya usingizi.

Vipimo vya damu na mkojo, eksirei ya kifua na ultrasaundi ya tumbo huonyesha kama ugonjwa umesambaa. Kwa kila kimoja ni haki kuuliza kama majibu yake yatabadilisha uamuzi. Yasipobadilisha, mnyama apunguziwe usumbufu.

Lengo la tiba nalo lijulikane mapema. Saratani ya sehemu za siri inayoambukizwa mbwa wanapopandana mara nyingi hupona kabisa kwa vinkristini, dawa ya kuua seli za saratani, inayotolewa kila wiki, ilhali limfoma ya mbwa kwa kawaida hurudishwa nyuma tu: wengi hupata nafuu kwa mchanganyiko wa dawa na kuishi takribani mwaka mmoja, badala ya wiki chache. Dozi za dawa hizi kwa wanyama hupangwa ili waishi vizuri, ndiyo maana wengi hawanyonyoki manyoya, isipokuwa mbwa kama pudeli (poodle) ambao manyoya yao hukua bila kukoma. Mbwa wa jamii ya koli (collie, mbwa wa kuchunga kondoo) apimwe jeni kwanza, kwa kuwa baadhi yao hudhurika vibaya na baadhi ya dawa hizo.

Nyumbani ziwepo glavu za kusafishia mkojo na kinyesi katika siku za mwanzo baada ya dawa, na mjamzito asiishike kazi hiyo. Kipimajoto kiwepo pia: chembe nyeupe za damu, zinazopigana na maambukizi, hushuka takribani wiki moja baada ya dozi, na joto linalozidi nyuzi 39.5 kwa mnyama aliyenyong'onyea ni dharura, hivyo namba ya daktari anayepatikana usiku itafutwe kabla.

Mwisho, familia ikubaliane mapema ni dalili zipi zitakazosimamisha tiba, kama vile kukataa chakula, kushindwa kusimama au maumivu yasiyotulizwa na dawa, na daktari aulizwe kumlaza mnyama usingizi wa milele bila maumivu hufanywaje na wapi.