Mafuta ya mrehani kwa spiriti, siku mbili tu yako tayari

Jamani wengi mnaniuliza mafuta yangu ya mrehani nayafanyaje mpaka yakawa kijani vile na harufu haiondoki nguoni, basi leo ntawaambia yote. Zamani nilikuwa natia majani mabichi kwenye chupa ya mafuta ya nazi naanika juani wiki nne, na huku kwetu Pemba unyevu tunaujua, chupa moja nilifungua nikakuta ukungu mweupe juu na harufu imechacha, nikamwaga yote na roho iliniuma kwelikweli. Kosa lilikuwa maji ya yale majani.

Kwa hiyo kwanza ukaushe. Tandaza mrehani kwenye uteo, uvulini, pahala penye upepo, juani harufu inakimbia. Ukilifinya jani likavunjika kwa sauti basi tayari, likijikunja tu bado.

Sasa spiriti, na hapa nataka msome vizuri. Ile ya zambarau au buluu ya kusafishia vidonda au ya kuchanganyia rangi MSITUMIE, nyingi zinatiwa methanoli na methanoli ni sumu, inapita hata kwenye ngozi. Unataka ithanoli safi isiyochanganywa kitu, asilimia 95 ndo nzuri zaidi, uliza duka la dawa na usome karatasi ya chupa mwenyewe. Na najua kuna watu wana wasiwasi na mambo ya alkoholi kidini, mwenye wasiwasi amuulize shekhe wake kwanza, moyo utulie.

Kwani spiriti ya nini? Mafuta peke yake hayapenyi vizuri jani kavu. Spiriti inapenya, inayeyusha harufu na rangi, halafu mafuta yakija yanapokea. Jaribu na manjano utaona, chota kidogo utie kwenye maji, unga unatuama chini, tia kwenye spiriti, papo hapo inageuka njano iliyoiva.

Vipimo: majani makavu gramu 30, yatwange kwenye kinu yawe chengachenga, nyunyizia spiriti mililita 15, yaani kijiko kimoja kikubwa, uchanganye kwa mkono mpaka yawe kama mchanga wa pwani maji yakishatoka, yaani yamelowa ila hayaogelei. Yakibaki makavu ongeza matone. Tia kwenye chupa ya jemu, funika vizuri, uache masaa 24.

Kesho yake tia kwenye blenda na mafuta ya nazi mililita 240 usage kama dakika 5 mpaka 7, pumzisha mota katikati isiungue, jagi likianza kuwa vuguvugu ukilishika basi inatosha. Madirisha yote wazi, na tafadhali sana pasiwe na jiko linalowaka, wala gesi, wala chetezo cha udi hata chumba cha pili, mvuke wa spiriti unadaka moto haraka mno.

Chuja kwa melimeli, kamua khasa kama unavyokamua tui, halafu usifunge chupa! Acha kwenye bakuli pana umefunika kwa kitambaa usiku kucha, spiriti iruke. Asubuhi ukinusa inakuchoma pua bado, ukisikia mrehani mtupu tia kwenye chupa kavu, uweke kabatini gizani.

Haya ni ya kupaka na kusinga, si ya kula. Jaribu kidogo kwenye mkono ungoje siku moja. Mlangilangi na mchaichai njia ni hii hii, karafuu lakini tia kidogo sana, inawasha ngozi, na watoto wachanga msiwapake kabisa. Kipupwe kikiingia asubuhi utayakuta yameganda, hayajaharibika, tia chupa kwenye bakuli la maji moto yatarudi.