Mahindi ya vuli uyachanganye na zao gani?

Katika mikoa yenye misimu miwili ya mvua, kama Tanga, Kilimanjaro, Pwani na Kagera, mvua za vuli huanza Oktoba na mara nyingi hukatika kabla ya Januari. Mwenye mahindi shambani hana muda wa kupoteza. Masika ukikosea zao la kuchanganya, utavuna kidogo kuliko jirani yako. Vuli ukikosea, zao la pili linakunywa maji ya zao la kwanza, nawe unakosa yote mawili.

Wengi huchagua zao la kuchanganya kwa kuangalia bei ya sokoni au mbegu iliyobaki ghalani. Anza na kalenda ya mhindi wenyewe. Ukiwa mdogo unavumilia kiasi, lakini kuanzia wiki mbili kabla ya kutoa mbelewele na ndevu hadi wiki mbili baada ya hapo, ukame wa siku chache tu unaacha magunzi yenye mapengo. Kwa mbegu ya muda mfupi kama Situka M1, kipindi hicho kinafika miezi miwili hivi tangu kupanda. Zao utakalochanganya wakati huo liwe limekaribia kumaliza kazi yake, au liwe bado dogo kabisa. Linalostawi kwa nguvu zote katikati hapo ndilo adui.

Kwa ukanda wa chini wenye joto, mimi naiweka choroko mbele ya mazao yote. Inakomaa kwa siku 60 hadi 75, kwa hiyo mahindi yakitoa mbelewele yenyewe imeshajaza maganda na haidai maji mengi tena. Maeneo ya juu yenye ubaridi, maharage mafupi yanayosimama, mfano Lyamungu 90, yanafanya kazi hiyohiyo. Maharage ya kutambaa yaache: yanapanda kwenye mabua na upepo ukija yanayalaza. Kunde nazo chagua aina inayosimama. Zile zinazotambaa hufunika ardhi vizuri na kuzuia magugu, lakini katika msimu mfupi zinabaki na majani mabichi hadi mahindi yanapohitaji kila tone.

Mbaazi zinakwenda njia nyingine. Miezi miwili ya kwanza juu ya ardhi huoni kitu kikubwa, kwa sababu nguvu nyingi iko kwenye mizizi inayoshuka chini, hivyo hazigombani na mahindi. Mahindi yakishavunwa ndipo zinainuka. Lakini mbaazi za muda mrefu, kama aina ya Mali, zitakaa shambani mpaka Agosti au baadaye, na shamba hilo halitapokea mahindi ya masika sawasawa. Kule Babati, Karatu na Kondoa, ambako watu wengi wanalima msimu mmoja, hilo si tatizo. Kwako wewe wa misimu miwili, zipande kwenye kipande ulichokusudia kukipumzisha. Majani yanayopukutika yatakirutubisha. Tena zungumza mapema na majirani wenye mbuzi na ng'ombe. Mifugo ikiachiwa mashambani baada ya mavuno ya mahindi, mbaazi ndizo zinazoliwa kwanza, na nimeona mashamba mazuri yakiisha hivyo.

Kama shida yako ni kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, basi desmodiamu, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, inafaa zaidi kuliko mazao hayo yote. Mizizi yake hutoa kemikali inayokizuia kiduha kushika mahindi, na harufu yake hufukuza nondo wa funza wa mabua. Ndiyo msingi wa mbinu ya sukuma-vuta iliyoendelezwa na ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, magharibi mwa Kenya. Haiwi chakula cha mezani, kwa hiyo inamfaa zaidi mwenye ng'ombe wa maziwa.

Kuhusu nafasi, usipunguze mahindi ili kupata pa kuweka maharage. Magharibi mwa Kenya kuna mpangilio unaoitwa MBILI: mistari miwili ya mahindi yenye sentimita 50 kati yake, kisha nafasi ya mita 1, na ndani ya nafasi hiyo mistari miwili ya maharage au choroko iliyoachana sentimita 33. Idadi ya mahindi inabaki ileile ya mistari ya sentimita 75, ila zao la chini linapata jua.

Kabla ya kupanda, amua utapaliliaje. Atrazini na 2,4-D, dawa za kuua magugu, zinatumika sana kwenye mahindi, nazo huua pia maharage, choroko na kunde. Ukichanganya mazao, umechagua jembe. Vivyo hivyo kwa dawa ya viwavijeshi vamizi, waliotuingilia mwaka 2017: dawa inayopulizwa kwenye moyo wa mhindi huanguka pia kwenye kunde zilizo chini, na kunde hizo watoto wanachumiwa mboga. Soma kwenye kibandiko siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na kama hakuna namna ya kusubiri, usichume majani hayo.

Usitarajie pia kwamba maharage yatayalisha mahindi msimu huuhuu. Sehemu kubwa ya naitrojeni, rutuba ambayo mikunde kama maharage hujitengenezea, hupatikana msimu unaofuata, mabaki yakiozea shambani. Mahindi yako bado yanataka mbolea yake, iwekwe karibu na shina badala ya kumwagwa shamba zima, maana mikunde ikipata urea nyingi inaacha kujitengenezea naitrojeni yenyewe. Inachohitaji ni mbolea ya fosfeti wakati wa kupanda. Ili ujue kama inafanya kazi, chimbua mche mmoja unapoanza kutoa maua, usiung'oe kwa kuuvuta kwa sababu vinundu vya mizizi, ndimo naitrojeni inamotengenezwa, vitabaki udongoni. Pasua kinundu kwa ukucha. Kikiwa na rangi ya waridi ndani, kazi inafanyika. Cheupe au cha kijani hakikupi kitu.

Na mvua ikikatika wiki ya tano au ya sita, mbingu zikiwa nyeupe na mahindi yameanza kukunja majani mchana, punguza zao la chini siku hiyohiyo. Ondoa mstari mmoja kati ya miwili, likate usawa wa ardhi, na majani yake yatandaze kwenye mashina ya mahindi.