Kagua peslipu moja kwa mkono

Kama una wafanyakazi hapa Nairobi, chukua peslipu moja (karatasi ya mshahara) na kikokotoo cha simu. Tangu 27 Desemba 2024, SHIF (bima ya afya) na ada ya nyumba hutolewa kwenye mshahara kabla ya PAYE (kodi ya mshahara) kupigwa, kama NSSF (akiba ya uzeeni). Mshahara wa 50,000: toa NSSF 3,000, SHIF 1,375, nyumba 750. Kinachotozwa kodi ni 44,875. Ukiona 47,000, yaani NSSF peke yake imetolewa, programu yako ya mishahara bado iko kwenye sheria ya zamani na mtu wako anakatwa zaidi. Katika duka la vipuri ninakoshika vitabu, Kirinyaga Road, ndivyo nilivyoikuta, na kila mtu alidhani ni serikali tu imezidi.

Hesabu hii haishiki kwa wenye mishahara mikubwa: NSSF ina kikomo kinachopanda kila Februari. Kwa mshahara mdogo pia angalia, SHIF haishuki chini ya 300. Na usisahau 1.5% ya nyumba unayoongeza wewe mwajiri; hiyo haitoki mfukoni mwa mfanyakazi, hata mwezi ukiwa mbaya.