Namna ya Kusoma Zupu, Kitabu cha Ukoo cha Kichina

Usikimbilie orodha ya watu. Tafuta kwanza shairi la vizazi, ambamo kila kizazi kina neno lake linaloingizwa katika majina ya wanaume wake. Katika ukoo wa Kong, wazao wa mwanafalsafa Confucius, Kong Lingyi alimzaa Kong Decheng, naye akamzaa Kong Weiyi: Ling, De, Wei. Ndiyo maana hata leo Kong wawili wasiojuana hutambua nani ni "baba mdogo" wa nani, hata kama huyo baba ndiye mdogo kwa umri.

Zupu za enzi ya Qing (1644–1912) husomwa juu kwenda chini, safu ya kulia ikitangulia. Mara nyingi jedwali huwa na ngazi tano, kila ngazi kizazi kimoja. Wa ngazi ya tano hurudiwa juu ya jedwali linalofuata. Usiwahesabu mara mbili.

Tarehe ndizo zinazokosesha wengi. Mwaka hutajwa kwa utawala wa mfalme, kwa hiyo jumlisha mwaka wa utawala na nambari ya mfalme huyo: Qianlong 1735, Daoguang 1820, Guangxu 1874. Guangxu wa 10 ni 1884. Lakini mwezi ni wa kalenda ya mwandamo, na mwezi wa 12 kwa kawaida huangukia Januari au Februari. Aliyezaliwa tarehe 20 ya mwezi wa 12, Guangxu wa 10, alizaliwa mwaka 1885. Umri nao huanza na moja siku ya kuzaliwa na huongezeka kila mwaka mpya, hivyo punguza mwaka mmoja, pengine miwili.

Jina moja likitokea chini ya baba wawili, tafuta maneno "chu si": mtoto alitolewa kwa ndugu wa baba asiye na mwana ili amrithi na kumtolea tambiko. Ni mtu mmoja.

Jina analolijua bibi yako huenda lisiwemo kabisa, kwa kuwa mtu alikuwa na jina la kwenye zupu, la heshima na la shuleni. Linganisha majina ya wake zake, makaburi na miaka.

Kurasa za mwanzo zinazodai babu waziri au mfalme wa kale zichukue kama madai tu. Anza kuamini kwa shiqianzu, babu aliyehamia kijiji hicho.

Wake huandikwa kwa jina la ukoo wao pekee, na mabinti aghalabu huachwa. Ukimtafuta binti, uliza toleo jipya: la ukoo wa Kong la 2009 liliingiza wanawake.