Somo: Kitambaa cha Meza cha Viraka, Kiishe Kabla ya Krismasi

Novemba ikishaingia, swali ninaloulizwa zaidi na wanaoshona viraka ni hili: "Nikianza shuka la kitanda leo, nitawahi Krismasi?" Kama vipande havijakatwa tayari, jibu langu ni usianze. Kazi ya viraka hudanganya macho. Upande wa juu ukishaungana unajiona umemaliza, kumbe uko nusu ya njia. Bado kupanga matabaka (viraka juu, pamba katikati, kitambaa cha mgongo chini), kupiga bandi, yaani mshono wa muda wa kuyashikilia, kuyashona pamoja, kuzungushia pindo na kulifunga kwa mkono. Mashuka mengi yaliyolala kabatini hayakukwama kwenye viraka, yalikwama hapo.

Kwa hiyo leo tunashona kitu kidogo kinachoisha: kitambaa chembamba cha kutandika katikati ya meza, upana kama inchi 12½ na urefu kama inchi 36½. Tutatumia mtindo wa nyumba ya magogo, ulioenea Marekani kuanzia miaka ya 1860. Katikati ya kila mraba kuna kipande chekundu, na mikanda inakizunguka kama magogo ya ukuta. Nimeuchagua kwa sababu unakula mabaki ya vitambaa, na kwa sababu miraba minne ikigeuzwa vizuri inatoa miti miwili ya Krismasi bila kukata pembetatu hata moja.

Hesabu siku kwa kurudi nyuma. Majilio, majira ya kanisa ya kungoja Krismasi, huanza Jumapili ya nne kabla ya sikukuu, na hiyo ndiyo kalenda nzuri ya mshonaji: wiki ya kwanza kukata, ya pili kuunga, ya tatu kushona matabaka, ya nne pindo tu. Usiipange wiki ya mwisho kwa kazi ya cherehani. Nyumba inajaa wageni, meza unayokatia inatakiwa kwa chakula, na kila mtu anakumbuka ana suruali ya kufupishwa. Pindo la mkono unaweza kulishona umekaa na watu sebuleni.

Hatua ya 1: Vitambaa

Chukua pamba tupu. Vitambaa vinavyoteleza au kuvutika viache kwa kazi nyingine. Unahitaji kijani kilichokolea cha aina mbalimbali, vyeupe au rangi ya maziwa vya aina mbalimbali, na kipande kidogo chekundu. Mimi sipendi sana vitambaa vilivyochapwa nyota na kengele, maana vinatandikwa mwezi mmoja na kurudi sandukuni. Kijani na nyekundu za kawaida zinakaa mezani mwaka mzima.

Fua kila kitu kwanza. Pamba hunywea, na kila kitambaa kina kiasi chake. Nyekundu ijaribu peke yake: ilowanishe, ikandamize kwenye kitambaa cheupe, uone kama inaacha alama. Ikiacha, suuza tena na tena mpaka iache kutoa rangi, au tafuta nyingine.

Ili kujua kama kijani chako kimekolea vya kutosha, panga vitambaa vyote pamoja uvipige picha ya rangi nyeusi na nyeupe kwa simu. Vya rangi hafifu na vya rangi nzito vitajitenga vyenyewe. Kinachoelea katikati kiondoe, kitaufuta mti wako.

Hatua ya 2: Kukata

Tumia kipimo kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Ukianza na inchi, usihamie sentimita katikati ya kazi.

Vipande vyekundu ni vinne, kila kimoja inchi 2½ kwa 2½. Mikanda yote ina upana wa inchi 1½. Kwa kila mraba, urefu wa mikanda myeupe ni 2½, 3½, 4½, 5½, 6½ na 7½. Ya kijani ni 3½, 4½, 5½, 6½, 7½ na 8½. Zidisha kwa nne. Kwa jumla ni inchi 120 za mkanda mweupe na 144 za kijani, na hata vipande vifupi kabisa vina kazi.

Kata kufuata uzi wa kitambaa, si mshazari. Mkanda wa mshazari huvutika ukipigwa pasi na mraba unapinda.

Hatua ya 3: Jaribu mshono kwanza

Hapa tukae kidogo, kwa sababu ndipo kazi inapoharibika. Mshono wetu ni robo inchi. Chukua mikanda mitatu ya mabaki yenye upana wa inchi 1½, iunge ubavu kwa ubavu, piga pasi, kisha pima. Upana wote uwe inchi 3½, na mkanda wa katikati uwe inchi 1 kamili.

Ukiona umepungua kidogo, usiseme si kitu. Mshono ukizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, unakula moja ya nane, kwa sababu unakula pande zote mbili. Mraba mmoja una mishono sita kutoka ubavu hadi ubavu, kwa hiyo umepoteza robo tatu ya inchi. Kwa miraba minne ni inchi tatu nzima. Bandika utepe kwenye bamba la cherehani, robo inchi kutoka kwenye sindano, kitambaa kiwe kinaufuata. Urefu wa tundu, yaani hatua moja ya mshono, uwe milimita 2 hadi 2.5, na sindano namba 80.

Hatua ya 4: Kujenga mraba

Weka kipande chekundu mbele yako. Mkanda mweupe wa 2½ unaungwa kulia, mweupe wa 3½ chini, kijani cha 3½ kushoto, kijani cha 4½ juu. Mzunguko wa kwanza umeisha. Rudia kwa mikanda inayofuata kwa mpangilio uleule: nyeupe kulia na chini, kijani kushoto na juu. Kila mkanda mpya unapita juu ya kichwa cha mkanda uliotangulia. Ukipotea, tazama huo.

Baada ya kila mshono piga pasi, ukingo uelekee nje, mbali na nyekundu. Kandamiza pasi, inua, kandamiza. Usiiburuze. Mzunguko wa kwanza ukiisha mraba uwe inchi 4½, wa pili 6½, wa tatu 8½. Pima kila mzunguko, usisubiri mwisho.

Kama muda wako unapatikana vipande vipande, shona miraba yote minne kwa pamoja: mkanda wa kwanza kwa yote, mmoja ukifuata mwingine chini ya mguu wa cherehani bila kukata uzi. Halafu kata, piga pasi yote, rudi kwa mkanda wa pili. Ukipata nusu saa kabla nyumba haijaamka, unamaliza mzunguko bila kusahau ulipoishia.

Hatua ya 5: Miti inatokea

Panga miraba minne kwenye mstari. Wa kwanza uugeuze mpaka kijani kiwe kulia na chini. Wa pili, kijani kiwe kushoto na chini. Ile pembe ya kijani inakutana juu katikati na kushuka pande zote mbili ngazi ngazi, kama matawi. Huo ni mti. Wa tatu ni kama wa kwanza, wa nne kama wa pili. Piga picha kabla ya kuunga, maana mraba ukigeuka mkononi hutagundua mpaka umeshona.

Zungushia fremu: mikanda miwili ya inchi 2½ kwa 32½ kwenye mbavu ndefu, kisha miwili ya 2½ kwa 12½ kwenye vichwa. Mwenye meza ndefu aongeze miraba miwili. Kila mti unaongeza inchi 16.

Hatua ya 6: Matabaka matatu

Kata kitambaa cha mgongo na pamba ya kati, kila kimoja inchi 16½ kwa 40½, vizidi inchi 2 kila upande. Mgongo uutandaze kifudifudi na kuubana kwa utepe mezani, unyooke bila kuvutwa. Pamba juu yake, viraka juu kabisa. Piga bandi kwa uzi wa rangi tofauti kuanzia katikati kwenda nje, mistari ikiachana kwa upana wa kiganja.

Badili sindano iwe namba 90, ongeza tundu lifike milimita 3, ushone kwenye mifereji ya mishono, pale vipande vinapoungana, au ufuate mteremko wa miti kwa mistari iliyonyooka. Anzia katikati daima. Ukianzia pembeni, kitambaa kinajikusanya kati na hakuna pasi itakayokiondoa. Mkono nao ni mzuri sana hapa: subana kidoleni na mshono mdogo wa kwenda mbele.

Hatua ya 7: Pindo

Punguza kingo ziwe sawa. Kata mikanda mitatu ya inchi 2½ kutoka kitambaa chenye upana wa kawaida, iunge, ikunje katikati kwa urefu, piga pasi. Shona upande wa mbele, kingo mbichi kwa kingo mbichi, kwa robo inchi. Geuza nyuma, ufunge kwa mshono wa siri, usioonekana kwa nje. Kabla ya kuweka sindano pembeni, andika jina lako na mwaka nyuma kwa uzi.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Mimi sina cherehani. Niache?*

Marahaba. Usiache hata kidogo. Chora mstari wa mshono kwa penseli nyuma ya kila mkanda, robo inchi kutoka ukingoni, na ushone juu ya huo mstari. Kila baada ya tundu nne au tano rudi nyuma tundu moja, mshono usifumuke. Shona miraba miwili tu, upate mti mmoja. Kitambaa kifupi kilichoisha kinapendeza mezani.

*Pamba ya kati sijaipata. Blanketi kuukuu linafaa?*

Linafaa likiwa jembamba na limeshafuliwa mara nyingi. Taulo sikushauri, ni zito na pindo litakuwa nene kwenye kona. Ila angalia limetengenezwa kwa nini. Kama kitambaa kitawekewa sufuria za moto, tumia pamba halisi. Nyuzi za plastiki haziwezi moto. Na hata kwa pamba, weka kitu kingine chini ya sufuria.

*Mwalimu, miraba mitatu imetoka 8½ lakini mmoja ni 8¼. Niuvute?*

Usiuvute, utapinda. Punguza ile mitatu ifike 8¼, ukigawa upunguzaji pande zote nne ili pembe za miti zisihame. Ukishaunga, urefu utakuwa 31½, kwa hiyo fremu ndefu ziwe 31½ na fupi ziwe 12¼. Pima kupitia katikati ya kitambaa, kwa sababu kingo huwa zimevutika.

*Nimefua kilichoisha, nyekundu imeingia kwenye nyeupe. Nimekaa nalia.*

Pole sana, dada. Usikianike wala kukipiga pasi, joto linashikisha rangi. Kirudishe sasa hivi kwenye beseni kubwa lenye maji mengi na sabuni ya kufulia, kielee, kisikunjwe. Badilisha maji kila yanapogeuka rangi, hata kama ni usiku kucha. Mara nyingi rangi ambayo haijakauka hutoka.

*Kila nikikaa kushona, mtu analeta nguo ya kurekebisha "mara moja tu" kwa ajili ya sikukuu. Vyangu havisogei.*

Weka tarehe ya mwisho ya kupokea kazi, uitangaze mapema, na uishike. Mimi nafunga Majilio yakianza. Anayekuja baadaye namwambia nitapokea Januari, na ninamwandika mbele yake. Watu wanaheshimu tarehe kuliko wanavyoheshimu uchovu wako.

*Hata kama ni mama mkwe?*

Mama mkwe mpokee. Lakini mwambie akae nawe akikufumulia mshono wa zamani wakati unaendelea na mkanda wako.

*Watoto wangu wanataka kusaidia. Mdogo ana miaka mitano.*

Huyo mpe kazi ya kupanga mikanda kwa urefu, mfupi hadi mrefu, na kuondoa nyuzi za bandi mwishoni. Mkubwa apime miraba kwa rula na kukusomea. Mkasi na pasi ni vyako. Na acha wachague vyekundu vinne, hata kama havilingani.

*Kona za pindo zangu zinavimba, kila mara. Nifanyeje?*

Unashona mpaka mwisho wa ukingo, ndiyo sababu. Simama robo inchi kabla ya kona, rudi nyuma tundu mbili, kata uzi, toa kitambaa chini ya mguu. Kunja mkanda uelekee juu, mkunjo uwe mshazari kamili, kisha uukunje urudi chini ukilingana na ukingo unaofuata. Mkunjo wa juu ukae sawasawa na ukingo ulioumaliza. Anza tena kushona kutoka juu kabisa. Ukigeuza nyuma, funga upande mmoja hadi konani, laza upande wa pili juu yake, na upige tundu mbili kwenye ule mkunjo. Kama bado inavimba, pamba ya ndani imezidi: punguza ncha yake kwa mkasi kidogo kabla ya kufunga.