Namna ya Kulalamikia Gati Linaloendeshwa Vibaya na Kusikilizwa: Mwongozo kwa Mabaharia Wanaotoka Nairobi

Mashua yetu ya matanga, tunayoimiliki watu watatu wakazi wa Nairobi, hukaa pwani mwaka mzima, nasi huifuata kwa treni ya SGR, reli ya kisasa ya Nairobi hadi Mombasa, kila tunapopata siku nne au tano za mapumziko. Kwa hiyo katika magati mengi tunafika kama wageni. Watu hudhani mgeni wa baharini ni lazima awe ametoka Shelisheli au Madagaska, na bendera ya njano ikipepea mlingotini akisubiri maafisa wa afya, uhamiaji na forodha. Lakini mtu wa South B, mtaa wa Nairobi, anayefunga kamba mahali asipojulikana ni mgeni vilevile, na akitozwa asichokitumia huumia vilevile.

Jioni moja ya msimu wa kusi tuliingia katika marina moja, yaani bandari ndogo ya mashua, ambayo tulikuwa tumeipigia simu siku mbili kabla. Tuliahidiwa nafasi yenye kina cha mita 4, maji ya bomba, umeme, na mtu wa kutupokea. Tuliita kwa redio mara tatu bila kujibiwa. Aliyetupokea alikuwa mlinzi mzee mwenye kurunzi, ambaye hakuwa ameambiwa kwamba tunakuja, akaishika kamba yetu kwa mkono mmoja huku mwingine ukimulika. Karibu saa 3 usiku mkuku, yaani uti wa chini wa mashua, uligusa tope, na kufika saa 4 mashua ilikuwa imelalia gati, ubavu wake ukisuguana na bolti yenye kutu mahali ambapo tairi la kukinga lilikuwa limeanguka na halikurudishwa. Asubuhi tuliletewa bili ya siku tatu kwa usiku mmoja, pamoja na gharama ya maji ambayo bomba halikuyatoa. Meneja alipotusikiliza alisema kwamba kila mgeni hulalamika, na kila mgeni hatimaye hulipa.

Alikuwa anasema kweli, na sababu yake ni kwamba wengi wetu hulalamika tukiwa na hasira na bila karatasi. Kazi ya malalamiko huanza Nairobi, kabla hujapanda treni, na mtu anayeianza gatini huwa amekwisha kuchelewa.

Andika ujumbe au barua pepe kwa gati unalokusudia kufikia, utaje urefu wa mashua, kina inachohitaji, siku na saa unayotarajia kuwasili, na idadi ya siku utakazokaa. Kisha uliza bei kwa siku, siku yenyewe inahesabiwa kuanzia saa ngapi, maji na umeme vinalipiwa kwa kipimo au kwa jumla, na ni nani atakayepokea kamba zako. Wakikujibu kwa simu, usikatae, sikiliza, shukuru, kisha watumie ujumbe unaosema: “Nathibitisha tulivyozungumza leo, kwamba...” Ujumbe huo ambao hawakuukanusha utakusaidia zaidi kuliko kumbukumbu yako ya mazungumzo.

Swali la kina ndilo linalowaangusha wageni wengi, na linastahili kuelezwa kwa urefu kwa sababu lilituangusha sisi. Katika pwani ya Kenya tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, hupita mita 3. Ukiambiwa “mita 4” bila kuambiwa ni maji gani, bado hujaambiwa kitu. Mita 4 maji yakiwa yamekupwa ni nafasi salama kwa mashua nyingi. Mita 4 maji yakiwa yamejaa ni tope saa sita baadaye. Linalowaponza wageni ni saa zenyewe. Upande wa Mombasa, siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, mara nyingi maji hujaa alasiri na kukupwa kabisa mnamo saa 4 au saa 5 usiku. Mgeni huwasili jioni, akaona maji ya kutosha chini yake, akala, akalala, kisha mashua ikagusa chini akiwa usingizini. Kwa hiyo uliza hivi, kwa maandishi: “Je, siku ya bamvua, maji yakiwa yamekupwa kabisa, nafasi hii ina kina cha mita ngapi?” Gati linaloendeshwa vizuri litakujibu kwa tarakimu. Lisiloweza kujibu limekupa jibu pia, na utafute mahali pa kutia nanga katika hori, yaani mkono wa bahari, mbali na ukuta.

Ukiwasili, mtu mmoja akiendelea kushughulikia mashua, mwingine apige picha: vigingi vya kufungia kamba, matairi, ngazi, ubao wa bei, na ubavu wa mashua yenu upande utakaoelekea gati. Simu huweka tarehe na saa katika kila picha, na picha ya ubavu usio na mkwaruzo, iliyopigwa dakika kumi kabla ya kufunga, itakuwa na thamani kubwa asubuhi ikiwa mambo yameharibika. Pimeni kina wenyewe kwa kamba yenye uzito au kwa kipimo cha mashua, kisha muandike saa ya kupima. Kama gati ni la ukuta usioelea, kamba za omo na tezi, yaani za mbele na nyuma ya mashua, ziwe ndefu, angalau mara tatu ya tofauti ya maji mnayoitarajia, la sivyo mashua itaning’inia maji yakikupwa. Mahali kamba inapopita juu ya zege, ivalisheni kipande cha mpira wa bomba.

Umeme wa gatini usiunganishwe kabla ya kupimwa. Kenya inatumia volti 240 na hezi 50, na mashua nyingi zilizotengenezwa Marekani zimewekewa volti 120 na hezi 60. Ukiwa mwenyeji wa rafiki aliyekuja na mashua ya namna hiyo, mweleze mapema, kwa kuwa gatini huenda asipatikane wa kumweleza. Piga picha ya mita wakati wa kuunganisha na wakati wa kutoa. Maji ya bomba yajazwe kwanza katika chupa inayoonyesha ndani na kuangaliwa. Dizeli nayo hufanyiwa hivyo: iache itulie nusu saa, na kama kuna maji ndani yake utayaona yamekaa chini ya chupa.

Kuhusu wafanyakazi wa gatini, naomba nisikilizwe. Mlinzi, mshika kamba na kijana wa bomba hawakupanga bei, hawakukataa kununua tairi jipya, na mara nyingi hawana redio kwa sababu hakuna aliyewapa. Yule mzee aliyetupokea alikaa nasi usiku ule mpaka maji yaliporudi, akisukuma ubavu kwa mti mrefu kila mashua ilipoyumba. Nilipomwambia, “Mzee, samahani tumekukesha,” alijibu, “Hapana mwanangu, wengi wanakwama hapa; nimesema ofisini mpaka nimechoka.” Kauli hiyo ilitufumbua macho, maana ilionyesha kwamba uongozi ulikuwa unajua. Zungumza na watu hawa kwa heshima, waulize ni mara ngapi jambo hilo limetokea, lakini usiandike majina yao katika malalamiko bila idhini yao, kwa sababu wao ndio watakaofukuzwa kazi kwanza.

Bili ikija, ombeni iandikwe kwa mchanganuo: siku ngapi, bei gani, maji kiasi gani, umeme kiasi gani. Msilipe katika namba ya simu ya mtu binafsi; lipeni katika namba ya biashara ya M-Pesa inayoonyesha jina la kampuni, na mdai risiti ya eTIMS, mfumo wa ankara wa mamlaka ya kodi. Mkilazimika kulipa mnachokipinga ili mruhusiwe kuondoka, lipeni, lakini kabla ya kung’oa kamba tumeni ujumbe kwa ofisi usemao kwamba mmelipa huku mkipinga kiasi fulani kwa sababu fulani. Kung’ang’ana gatini hali maji yanakupwa ni kujitia hatarini kwa fedha ambazo zinaweza kudaiwa baadaye.

Barua yenyewe iandikwe mkiwa mmekwisha kurudi Nairobi na kupumzika, ila isichelewe zaidi ya wiki moja. Ielekezwe kwa mmiliki, si kwa meneja. Kama marina ni ya kampuni iliyosajiliwa, majina ya wakurugenzi hupatikana kwa kuomba taarifa za usajili wa kampuni kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Kila aya ya barua iwe na jambo moja, saa yake na ushahidi wake. Msiandike “huduma yenu ni mbovu sana na mlitudharau.” Andikeni: “Tuliita kwa redio saa 11:50, saa 12:05 na saa 12:20 jioni, bila kujibiwa. Bili yenu inaonyesha siku tatu. Tulifunga kamba saa 12:35 jioni na kuondoka kesho yake saa 2:10 asubuhi, kama picha namba 2 na namba 9 zinavyoonyesha. Tunaomba turudishiwe malipo ya siku mbili na ya maji ambayo hayakutolewa, katika muda wa siku 14.” Mwishoni taja Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010, kinachompa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaostahili, haki ya kupata habari anazozihitaji, na haki ya kufidiwa hasara iliyotokana na kasoro, taja pia Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012. Haki za kifungu hicho zinawabana watu binafsi na taasisi za umma kwa pamoja.

Siku 14 zikipita kimya, jiulizeni kwanza gati ni la nani, maana hapo njia hugawanyika. Jedwali la Nne la Katiba limezipa serikali za kaunti jukumu la feri na bandari katika maeneo yao, isipokuwa usimamizi wa usafiri wa meli wa kitaifa na wa kimataifa. Kwa hiyo gati la umma la mji mdogo wa pwani lina wenyewe katika kaunti, na barua ipelekwe kwa afisa anayehusika na uchukuzi huko. Mkitaka kujua gati lilikaguliwa lini, au fedha za matengenezo zilitengwa kiasi gani, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka taasisi ya umma iamue ombi lenu ndani ya siku 21. Ikikaa kimya, Tume ya Haki ya Utawala, ambayo makao yake makuu yako hapa Nairobi, hupokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Jambo linalogusa usalama wa vyombo na maisha ya watu baharini lipelekwe kwa Mamlaka ya Shughuli za Baharini ya Kenya, iliyoko Mombasa. Msichanganye mambo haya katika barua moja: bili iliyozidishwa haiwahusu wasimamizi wa usalama, na bolti inayochana ubavu wa mashua haitatatuliwa na mhasibu.

Kama gati ni la mtu binafsi, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, yakiwemo ya huduma iliyolipiwa na ya mali iliyoharibiwa, unaweza kujiwakilisha bila wakili, na sheria inataka uamuzi utolewe ndani ya siku 60 tangu dai lilipowasilishwa. Ipo mahakama ya namna hiyo Milimani, Nairobi, lakini dai lililotokea pwani hufunguliwa kule lilikotokea. Hati zenyewe hutumwa kwa mtandao, kwa hiyo mkaaji wa Nairobi hahitaji kusafiri ili kulifungua. Msikae na dai hadi mkalisahau. Dai la mkataba lina muda wa miaka 6, na dai la uharibifu miaka 3, lakini ushahidi hupotea mapema kuliko muda huo: simu huibwa, ujumbe hufutwa, na tairi hurudishwa mahali pake.

Sisi hatukufika mahakamani. Siku ya 11 tulirudishiwa malipo ya siku mbili na ya maji, kwa sababu hayo yote yalikuwa na picha na ujumbe wa M-Pesa. Gharama ya kutengeneza ubavu tuliilipa wenyewe. Kina cha mita 4 tulikuwa tumeahidiwa kwa mdomo tu, na hakuna aliyekumbuka kusema maneno hayo.

Tangu hapo tunaweka daftari moja la magati yote tunayofikia, na wageni wanaopitia Nairobi wakielekea kwenye mashua zao hupewa nakala yake. Hatuandiki humo maoni wala matusi, bali vipimo na tarehe. Ukurasa wa gati lile una mistari minne: kina mita 0.9 bamvua ikiwa imekupwa, tulipima wenyewe. Redio haijibiwi baada ya saa 11 jioni. Bolti wazi upande wa kusini, hatua sita kutoka ngazini. Mlinzi wa usiku ni mwaminifu, mpigie honi mara mbili.